Mvinyo wa Mwaka wa Mvua

Huko Sobrais, kijiji kilichojibana mlimani juu ya mto Douro, mtoto huzaliwa pamoja na mvinyo wake. Akilia mara ya kwanza mwaka fulani, basi mavuno ya mwaka huo ni yake, apende asipende, na baba yake humwekea chupa kumi na mbili ghalani zimsubiri mpaka siku ya harusi. Waliozaliwa miaka ya jua zuri hutembea kifua mbele tangu utotoni. Waliozaliwa miaka mibaya hawapendi kulizungumzia jambo hilo, na wako wawili watatu pale kijijini ambao, ukiniuliza mimi, hawakuoa kwa sababu hiyo tu.

Idalina, binti pekee wa Belmiro, alizaliwa mwaka wa mvua. Mvua yenyewe ilianza siku ya kwanza ya kuvuna, ikagoma kuondoka. Zabibu zikaoza zingali zimening'inia, na watu wazima wakasimama milangoni wakitazama jasho la mwaka mzima likiota ukungu. Wengi waliuza walichookoa kwa bei ya kutupa, kikachemshwe kuwa pombe kali. Lakini mke wa Belmiro, Leonilde, alikuwa na mtoto mchanga na kichwa kigumu. Alimlaza Idalina kwenye kikapu chini ya mzeituni, akamfunika turubai, kisha akapita mzabibu kwa mzabibu akichagua kishada hiki na kutupa kile, mahali pengine akibandua punje moja moja kwa ukucha. Mizabibu ile ilikuwa mikongwe, imepandwa na babu wa babu yake Belmiro, aina zote zimechanganywa kwenye matuta ya mawe hata hakuna aliyejua majina yake yote. Mizee ya namna hiyo haizai sana hata mwaka wa neema. Mwaka ule ilitoa kipipa kimoja, na majirani wakapata cha kuchekea msimu mzima.

Siku ya kuutia mvinyo huo kwenye chupa ilipofika, Idalina alikuwa ameshaanza kutembea na kuvunja vitu. Leonilde alizilaza chupa kumi na mbili za mtoto kwenye shubaka lao ukutani, na kila moja akaitia alama ya chokaa begani, upande wa juu. Maghala yote ya Sobrais hufanya hivyo. Mvinyo mwekundu ukilala miaka mingi, mashapo yake hutua upande wa chini, na ile chokaa humjulisha anayeihamisha chupa upande upi ulikuwa juu, asije akaigeuza na kuuchafua mvinyo wote. Watu hutumia brashi. Leonilde hakuiona brashi katika giza lile na hakuwa na subira ya kuitafuta, kwa hiyo alichovya kidole gumba kwenye ndoo ya chokaa, akakikandamiza kwenye chupa moja baada ya nyingine. Belmiro alimwambia brashi iko nyuma ya mlango. Akajibiwa kwamba kidole hakipotei.

Majira ya baridi yaliyofuata Leonilde alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa. Mvinyo wa mwaka uliofuata ule wa mvua ulikuwa wa ajabu kwa uzuri, lakini Belmiro aliutia kwenye chupa peke yake, akaupaka chokaa kwa brashi, na hakumbuki hata kama aliuonja.

Sasa Idalina alikuwa na miaka thelathini na kitu, anapima watu macho mjini Porto, na alikuwa anaolewa. Bwana harusi, Norberto, alikuwa nesi mpole, mwenye masikio makubwa, ambaye Belmiro alimpenda tangu siku ya kwanza. Tatizo lilikuwa baba yake Norberto. Bwana Evaristo alikuwa mwonjaji mkuu wa kampuni moja kubwa ya mvinyo kule mtoni, mtu ambaye akikunja pua, mapipa mazima hukataliwa. Na desturi ya Sobrais inataka baba wa bibi harusi ammiminie baba wa bwana harusi glasi ya kwanza ya ule mvinyo wa kuzaliwa, mbele ya watu wote, na hakuna anayegusa glasi yake mpaka mzee huyo aonje na kusema neno.

Neno hilo ndilo lililomnyima Belmiro usingizi. Sobrais ni kijiji cha watu wenye kumbukumbu na ndimi ndefu, na neno la siku ile humganda bibi harusi kama jina. Felisbela wa nyumba ya jirani aliolewa katika ukoo wa watu wa posta. Baba mkwe wake, maskini, alikuwa hajui mvinyo na siki, akaonja, akatabasamu, akasema "Unanyweka," akidhani amesifu. Leo Felisbela ana wajukuu, na hata padri akimtangaza kanisani huanza kwanza kujizuia asimwite Unanyweka.

Kwa hiyo asubuhi moja katika wiki ya harusi Belmiro alishuka ghalani akaonje ukweli kabla ukweli haujaonjwa na mtu mwingine. Nyuma yake alishuka dada yake Otília, akiyalalamikia magoti kila ngazi. Otília alikuja Sobrais kwa mazishi ya Leonilde akiwa na sanduku dogo la siku chache, akamkuta mtoto hana wa kumsuka nywele, na hakurudi kwake tena. Ndiye aliyemlea Idalina. Hilo lilijulikana na halikuwa likisemwa.

Belmiro aliitoa chupa moja ya mwaka wa mvua pale ukutani, chokaa juu, akaibeba vile vile ilivyolala, taratibu, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyesinzia. Kizibo kilitoka nusu, nusu nyingine ikabidi aichokoe. Aliwasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akamimina kwenye jagi la kioo bila kutetemeka, macho yakiwa kwenye ule mwanga, mpaka uzi mweusi wa mashapo ulipofika shingoni. Hapo akaacha. Mvinyo uliokuwa kwenye jagi ulikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.

Aliunusa. Kulikuwa na majani makavu yaliyolowa, na tunda fulani dogo kali, na chini ya hayo harufu nyingine ambayo kila alipoifuata ilimtoroka. Akanywa. Mwanzoni ulimchoma ulimi, katikati ukawa mwepesi kama maji ya kusukutulia glasi, na mwishoni hapakuwa na kitu. Otília naye alionja, akaufunga uso wote. Ndipo Belmiro, kwa kujitesa tu, akafungua chupa moja ya mwaka uliofuata. Ule ulijaza glasi kwa weusi wake. Harufu ilipanda yenyewe kabla hawajainama, ya matunda yaliyoiva mpaka kupasuka na ya pilipili manga, na ulipokwisha kushuka kooni ulibaki mdomoni muda mrefu ukiendelea na mambo yake.

"Huu ni mvinyo," alisema Otília. "Ule ni huruma tu."

"Ndio wa mwaka wake."

"Kaka, chupa hazina karatasi. Zote za kijani, zote vumbi tupu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe hutaitwa kusema neno. Ataitwa yule mwenye pua." Otília aliweka glasi chini kwa nguvu kidogo. "Unataka mwanangu aitwe Siki mpaka anazeeka?"

Belmiro aliigeuza glasi yake mkononi. Alimkumbuka Leonilde ameloa mpaka mifupani, akibandua punje kwa ukucha, na aliona haya kwamba kazi yote ile imezaa kitu chembamba namna hii. Kumwaibisha mtoto kwa kazi ya mama yake mbele ya ukoo wa watu, hilo aliona ni kuwaaibisha wote wawili kwa mpigo. Afadhali marehemu asifiwe kwa mvinyo usio wake kuliko kudharauliwa kwa ulio wake. Mtu aliyeishi na mvinyo miaka yote hufikiri hivyo. Huanza kwenye glasi, akaishia kwenye glasi.

Kwa hiyo alizihamisha. Alizitoa chupa za mwaka wa mvua, akaingiza mahali pake zile za mwaka mzuri, kila moja chokaa juu kama inavyotakiwa, kazi safi isiyo na kasoro. Kisha akamwambia Otília azimimine zile mbovu kwenye pipa la siki, maana angalau siki hubaki ndani ya nyumba na kuliwa na wenyewe. Hakutaka kuona. Alichukua mkasi wake, akapanda shambani kukata matawi ambayo wala hayakuhitaji kukatwa.

Ile moja aliyoifungua hakumpa. Aliurudisha mvinyo ndani kutoka kwenye jagi, akaisindilia kizibo kilichobaki, akaificha chumbani kwenye droo ya soksi. Kila jioni kabla ya chakula alijimiminia funda moja, akalinywa amekaa kitandani upande wake, upande wa Leonilde akiuacha wazi kama kawaida. Mvinyo ulizidi kuharibika. Hakuwa anauonja hata hivyo. Alikuwa amemkumbuka mke wake mpaka kifua kinauma, na hakuwa na mahali pengine pa kumwendea.

Siku ya harusi jua liliwaka bila aibu. Walitoka kanisani wakajaa uani, chini ya kichanja cha mizabibu, meza ndefu zimeunganishwa mpaka karibu na banda la kuku. Mbuzi mchanga alikuwa ameokwa na viazi, wali umepikwa kwa mchuzi wake tanurini, mikate ya mahindi imekatwa vipande vikubwa. Mbele ya kila familia ya wakwe Otília alikuwa ameweka chupa ya mafuta mapya ya zeituni, imefungwa utepe mweupe shingoni, na alikuwa akipita huku na huko akisifiwa utepe.

Bwana Evaristo alikaa kiti cha heshima, mwembamba, kimya, amekunja leso yake mara nyingi mno. Belmiro alimtazama ile pua na kujiambia kwamba leo itakutana na saizi yake. Akaleta kikapu kutoka ghalani. Watu wakanyamaza. Felisbela Unanyweka alivuta kiti chake mbele, maana kwa miaka mingi alikuwa akisubiri apate mwenzake.

Kwa desturi bibi harusi ndiye huitoa chupa ya kwanza kikapuni na kumpa baba yake aifungue. Idalina aliinama na gauni lake. Hakuishika chupa shingoni kama watu wanavyoshika. Alipeleka kidole gumba moja kwa moja begani kwenye chokaa, akasita. Akaitazama ile chupa kwa karibu, kama anavyotazama macho ya watu kazini. Akaiweka chini, akachukua ya pili, kisha ya tatu. Belmiro alidhani ameona ufa kwenye kioo.

"Baba," alisema taratibu, "hizi si zangu."

Belmiro alicheka, kicheko kibaya. "Za nani basi? Za padri?"

"Twende chini."

Akatangulia, amekusanya gauni mkononi. Norberto aliinuka nusu, akaonyeshwa kwa kichwa akae, akakaa. Belmiro alimfuata binti yake, na Otília akamfuata Belmiro. Huku nyuma watu walikaa mbele ya nyama iliyokuwa ikipoa, kila mmoja akijidai hasikilizi.

Ghalani Idalina alisimama mbele ya lile shubaka tupu na kulipapasa kwa ndani. Akawaeleza bila kugeuka. Alipokuwa mdogo, shangazi alimkataza kushuka kule kwa sababu ya ngazi na giza, naye alishuka hivyo hivyo, kila alipogombezwa na kila siku yake ya kuzaliwa. Mara ya kwanza aliona tu kwamba chokaa za chupa zake hazifanani na za nyingine. Zina mistari midogo ndani, ya kidole cha mtu. Hakuambiwa ni cha nani, na hakuhitaji kuambiwa. Aliweka kidole chake juu ya kile, na chokaa ikabaki imezunguka pande zote, kwa jinsi chake kilivyokuwa kidogo. Basi ukawa mchezo wake. Alijiambia siku kidole chake kitakapoifunika chokaa yote, siku hiyo atakuwa mtu mzima. Kisha akaenda kusoma mjini, akasahau, kama watoto wanavyosahau. Mwaka huu, nguo ya harusi ikishonwa, alikumbuka. Alikuwa amekuja nyumbani mara kadhaa tangu hapo na kila mara akajizuia kushuka, kusudi aumalizie mchezo wake leo.

"Sikuja kunywa, baba," alisema. "Nilikuja kupima kidole."

Belmiro alisimama mikono imelegea. Alikuwa ameifikiria rangi, akaifikiria harufu, akaifikiria pua ya Bwana Evaristo usiku na mchana. Haikuwahi kumpitia akilini, hata mara moja, kwamba mtu anaweza kuitaka chupa ya mvinyo na asiwe na habari na mvinyo uliomo. Mara ngapi alimkuta yule mtoto hapa chini na kumtoa kwa sikio, akidhani anakimbia joto?

"Ziko wapi zangu?"

Aliyejibu alikuwa Otília, kutoka kwenye ngazi. Alisema mvinyo ameumwaga kwenye siki kama alivyoambiwa. Na chupa, chupa nzuri hazitupwi, kwa hiyo ndizo zile za juu, zenye mafuta na utepe. "Niliziosha kwa majivu na maji ya moto," alisema. "Chokaa ilikuwa ngumu. Nilisugua mpaka zikang'aa, na nikajisifu." Kisha akaielewa sentensi yake mwenyewe, akakaa pale pale kwenye ngazi na magoti yake mabovu, akajifunika uso kwa aproni ya sherehe.

Idalina alikwenda akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, gauni jeupe na yote. Akamwondoa mikono usoni.

"Shangazi, usilie. Wewe ndiye uliyenilea."

"Nimemfuta mama yako."

"Ulikuwa hujui. Mimi nina vitu vyako nyumba nzima, shangazi. Vyake nilikuwa na hicho kidole tu, ndiyo maana nilikitaka."

Belmiro aliwasogelea. Alitaka kusema kosa ni lake, na alipofungua mdomo yakatoka maneno mengine, ya kijinga zaidi.

"Iko moja," alisema. "Chumbani kwangu. Kwenye soksi."

Wanawake wawili walimgeukia. Ikabidi aseme yote: kwamba ile aliyoifungua hakuweza kuitoa, kwamba amekuwa akinywa funda kila jioni, kwamba hata mvinyo hauko vizuri na ananywa tu. Alisema akiangalia viatu. Otília, uso umelowa, aliuliza kama ni soksi safi au zile nyingine, na Idalina akaanza kucheka na kulia kwa pamoja mpaka akashika ukuta.

Kisha akajifuta. "Umebaki mwingi?"

"Glasi moja. Pengine na kidogo."

"Basi mpelekee Bwana Evaristo. Ndio wangu. Ndio atakaousemea neno lake."

"Mwanangu, umeharibika. Uko wazi tangu juzi na juzi. Atakuita…"

"Aniite."

Belmiro alipanda chumbani, akarudi uani ameishika ile chupa kwa mikono miwili, chokaa juu, kama imejaa. Idalina alikuwa ameshakaa karibu na mumewe. Aliitazama chupa kwa hamu iliyoonekana waziwazi, lakini hakunyoosha mkono. Jambo lile halikuwa la kufanywa mbele ya watu wanaosubiri nyama.

Belmiro hakuwa mtu wa hotuba. Alisimama mbele ya Bwana Evaristo akasema kwamba chupa za kikapuni ni za mwaka uliofuata, si za bibi harusi, na kwamba amezibadilisha yeye mwenyewe kwa sababu alimwogopa. "Nilikuogopa wewe, bwana, na pua yako." Watu wakaguna. Akaendelea kwamba mwaka aliozaliwa Idalina mvua iliharibu kila kitu, na mama yake akauokoa mvinyo huu punje kwa punje, na kwamba yamebaki mafunda haya machache, nayo yamekaa wazi wiki hii yote kwa kosa lake. Akamimina. Ule weusi wa mashapo ulianza kuja mapema, akaacha chini ya nusu glasi.

Bwana Evaristo alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Baadaye ilijulikana kwamba naye hakuwa amelala, kwani mkewe alimwambia wazi kuwa neno lake litavikwa shingoni mwa yule msichana maisha yake yote, na akikosea asirudi nyumbani. Aliishika glasi kwa shina. Akaiinamisha juu ya kitambaa cheupe, akaitazama rangi yake kwenye ukingo. Akanusa, akaondoa pua, akarudisha tena na kukaa humo muda mrefu. Akanywa kidogo, akafumba macho. Felisbela alikuwa ameacha kupumua.

Kudanganya hakuweza. Angeweza na watu wengine, lakini si na glasi mkononi.

"Umechoka," alisema Bwana Evaristo, kwa sauti ya chini na ya upole sana.

Hakuna aliyetikisika. Belmiro aliona tayari jina lile likikimbia kijijini, Mchovu, Idalina Mchovu, mlango kwa mlango. Ndipo binti yake alipoinuka, akakiokota kile kizibo kilichobaki nusu, akakisindilia kwenye chupa.

"Basi tuuache upumzike," alisema.

Aliyeanza kucheka alikuwa Bwana Evaristo mwenyewe, kicheko kikubwa ambacho hakikufanana na mwili wake, na baada ya hapo uani pote palilipuka. Norberto alimbusu mkewe mpaka masikio yakang'aa. Felisbela alirudisha kiti chake nyuma kwa masikitiko. Zile chupa za mwaka uliofuata zilifunguliwa kwa jina la mwaka wake halisi, na Bwana Evaristo alizungumza juu yake karibu chakula chote, juu ya mizabibu mikongwe na jinsi isivyo na haraka, akimjazia Otília glasi kila ilipopungua na kumsifia utepe. Hadi leo Sobrais mtu akimkuta mwenzake ameelemewa na kazi au na msiba, humwambia tukuache upumzike kama mvinyo wa Idalina.

Alasiri, kabla keki haijakatwa, Bwana Evaristo aliomba aonyeshwe ile mizabibu, na wakwe wote wakamfuata kupanda matuta, viatu vya sherehe vikiteleza kwenye mawe. Belmiro hakwenda. Alimwona binti yake akivuka ua na chupa mkononi, naye akachukua mshumaa akashuka nyuma yake.

Idalina aliilaza ile chupa peke yake katikati ya shubaka, mdomo ukielekea ukutani. Ilikuwa na mashapo tu na mafunda mawili ya siki changa, lakini aliilaza vizuri. Belmiro aliinua mshumaa. Wazimu wa kazi ulimrudia hata hapo, akataka kuhakikisha kwamba alama iko juu kabisa na haijaenda upande, maana chupa ikilazwa kombo leo italala kombo miaka yote. Alinyoosha kidole amwelekeze binti yake aisogeze kidogo. Akatazama bega la chupa, akatafuta chokaa, asiione. Aliusogeza mwanga karibu zaidi. Kidole gumba cha Idalina kilikuwa kimetulia pale, na hata mstari mmoja mweupe haukubaki pembeni yake.